Ule si Moshi

Niliacha Jumanne, saa kumi na moja alfajiri,
nikitoka zamu ya usiku kiwandani Igogo,
mikono inanuka sangara hadi viwikoni.
Pakiti ilikuwa na fegi nne.
Nilizitumbukiza kwenye ndoo ya magamba,
nikazitazama zikivimba, zikipasuka, zikitoa uji.
Hakuna aliyenipigia makofi.

Siku ya pili nilimfokea mwanangu
kwa kutafuna karanga kwa sauti.
Siku ya tatu niligombana na kijiko.

Ndipo shemeji akaniingiza kwenye kundi lao la simu,
watu tisa, hatujuani sura:
Kokushubila anauza vitenge Bukoba,
Bwire anapaka rangi nyumba za watu Musoma,
yupo anayejiita Jiwe, hasemi anaishi wapi,
na Nyanzobe wa Nansio, muuguzi mstaafu,
aliyevuta miaka thelathini nyuma ya stoo ya dawa
kisha akaingia wodini kuwaambia wenye vifua:
acheni.

Sheria yao ni moja.
Kiu ikibisha hodi, andika kabla hujawasha.

Saa nane usiku, mapumziko.
Wenzangu wameelekea ukutani,
ule ukuta wetu, mweusi kwa visigino na majivu,
mimi nimekaa juu ya kreti na mabuti yangu ya mpira.
Nikaandika: inanijia.
Bwire akajibu: kunywa maji, hesabu meno yako kwa ulimi.
Nikahesabu. Ishirini na tisa.
Sikumbuki mengine yaliondoka lini.
Kokushubila akatuma sauti, nusu yuko usingizini,
hasemi neno, anatafuna kahawa tu,
ka, ka, ka, ndani ya sikio langu,
mpaka king'ora cha kazi kikalia.

Siku ya kumi na tisa niliwasha.

Usiulize kwa nini. Hapakuwa na msiba.
Mshahara umeingia, jua halichomi,
dukani kwa Mangi kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba,
na mkono ukaenda wenyewe
kama punda anayejua njia ya kwao.
Sikuandika kabla. Niliandika baadaye,
nafuta, naandika, nafuta.
Nilijiandaa kwa mahubiri.
Nyanzobe akauliza: moja, au pakiti?
Moja na nusu.
Akanyamaza kidogo, naona tu kwamba anaandika.
Basi ile methali ya samaki mmoja usiniletee, akasema,
wewe unafanya kazi kiwandani, unajua zaidi yangu:
aliyeoza hutupwa,
wengine huenda kwenye barafu.

Jiwe ana wiki tatu hajaandika.
Hakuna aliyemtoa.
Kila usiku mmoja wetu anauliza, Jiwe, upo?
na swali linabaki pale, halijasomwa,
tunaendelea kulizunguka
kama watu wanaopita kando ya kiti cha mtu.

Leo alfajiri nilipanda kwenda nyumbani, kule mawe yanakobebana,
nikageuka nyuma kupumua.
Ziwani zimesimama nguzo tatu za moshi,
ndefu, nyeusi, zinayumba.
Kifua changu kikasogea mbele, mbwa aliyesikia jina lake.

Ule si moshi.
Ni wadudu wa ziwa, kwa mamilioni,
wamezaliwa usiku, wanaoana hewani, kesho hawapo.
Upepo ukageuka ukawaleta mlimani.
Wakanijaa nywele, pua, mdomo.
Nikatema, nikakohoa, nikacheka peke yangu kama chizi.
Nikapiga picha, nikatuma kundini:
Jiwe, njoo uone sigara ya Mungu, haina bei.

Nyumbani mtoto ameshaamka.
Nikainamisha uso kichwani pake,
mafuta ya nazi, chaki, jasho la usingizi.
Miaka sita namlea,
sikuwahi kujua ananukia hivi.
Ana karanga kiganjani, ananitazama, ameacha kutafuna.

Tafuna, nikamwambia.
Tafuna kwa sauti.